Zimeni hizo tochi jamani
Yaani mkutano wa wana-jiokashi, sisi tunaosaka makopo yaliyofichwa kwa kutumia jipiesi (GPS, kifaa cha kuonyesha mahali ulipo), unapangwa usiku wa mwezi mpevu makusudi kabisa, ili tutembee kwa mbalamwezi, halafu mtu anakuja na tochi ya kichwani kali kama taa ya gari na kila akikusalimia anakumulika usoni! Inaudhi mno. Macho yanataka kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, sasa ukinimulika mara moja tu basi naanza upya, afu unaniambia eti bila tochi husomi jipiesi. Si upunguze mwanga wa skrini? Au tumia taa nyekundu, hiyo haisumbui macho sana. Na ukimulika kila shina la mti wapita njia wote wanajua kopo limefichwa wapi, kesho halipo. Mulika chini bwana!