Geti Limefunguliwa, Mimi Nimelala

Saa tisa usiku, Laramie, jimbo la Wyoming, Marekani. Simu inaita. Ni dispacha, yule anayetupangia mizigo akiwa amekaa ofisini kwenye joto lake. Mtu wa Mombasa, Kiswahili chake kitamu hata anapokuudhi.

"Kaka, naona kwenye ramani umesimama tangu jioni. Kuna shida gani?"

Nikamwambia barabara ilifungwa. Akasema imefunguliwa dakika ishirini zilizopita, kaona kwenye intaneti, na wenzangu wawili wa kampuni hiyohiyo wameshapita. "Mzigo wa haraka huu, ndugu yangu. Mteja kanipigia mara tatu."

Nje upepo unatikisa kichwa cha lori kama mtu anayeamsha mlevi. Nimevaa soksi jozi mbili, juu ya kitanda cha nyuma ya kiti, na mzigo wenyewe wa haraka ni chakula cha mbwa. Nikamwambia nitatoka kukipambazuka, nikiona lami kwa macho yangu. Hakufurahi.

Wale wenzangu wawili walifika salama, wote. Nalisema mapema ili msomaji asingoje nimwambie kwamba walipinduka na mimi ndiye niliyekuwa na akili. Hawakupinduka. Ukipita mara kumi kwenye barafu na kufika, unaanza kuamini kwamba umejua kuendesha kwenye barafu, na mwenye mzigo naye anaanza kuamini kwamba anayesimama ni mvivu.

Mimi si mgeni wa magari makubwa. Nimekulia Ilula, Iringa, na kabla sijapata leseni nilikuwa utingo wa mjomba wangu aliyekuwa akivuta semi kati ya Dar na Tunduma. Kazi yangu ilikuwa kuweka kigogo nyuma ya gurudumu tukisimama mlimani, na kukata matawi ya kutandaza barabarani gari likituharibikia. Kushuka Kitonga mjomba alikuwa na sheria moja tu: gia ya kushukia unaichagua juu, kabla hujaanza kushuka, maana katikati ya mlima hakuna tena cha kuchagua. Tukifika chini Ruaha Mbuyuni ananunua vitunguu, anavuta pumzi, safari inaendelea. Baridi pia nilidhani naijua, kwa kuwa nimewahi kulala Makambako mwezi wa saba.

Lakini Kitonga ukikosea inakuonya. Breki zinanuka, moshi unatoka kwenye magurudumu, utingo anapiga kelele. Barafu haina harufu. Ile mbaya zaidi, ambayo madereva wa huku wanaiita nyeusi, haina hata rangi. Ni utando mwembamba wa maji yaliyoganda, lami inaonekana kupitia humo, na wewe unadhani barabara imelowa tu. Nilichofundishwa na mzee mmoja wa Nebraska ni kutazama matairi ya gari la mbele. Yakirusha maji, ni maji kweli. Barabara ikionekana imelowa na matairi hayarushi kitu, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na usiguse kingine chochote. Kingine ni kushusha kioo na kupapasa sehemu ya mbele ya saiti mira. Ukikuta barafu imeshika pale, na barabarani ipo. Na madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu baridi inayapiga juu na chini, hayana udongo wa kuyatunzia joto.

Kitabu tunachosomea leseni ya malori kinasema hivi: barabara ikilowa punguza mwendo kwa theluthi moja, theluji ikishindiliwa punguza nusu au zaidi, barafu ikishika, tambaa, na usimame mara tu upatapo mahali salama. Kinasema pia uzime breki ya injini, ile inayotumia injini kupunguza mwendo, panapoteleza, kwa sababu inashika magurudumu ya kuvuta peke yake na inaweza kuyafanya yateleze. Hili linawasumbua sana waliotoka nyumbani. Sisi breki ya injini ndiyo dini. Kuizima kwenye mteremko ni kama kuambiwa uvue viatu uingie kwenye miiba.

Majira yangu ya kwanza ya baridi sikuizima. Ilikuwa karibu na Elk Mountain, kati ya Laramie na Rawlins, natoka kushusha, tela tupu. Nilisikia kwanza kabla ya kuona: ule mvumo wa matairi ukakatika, kukawa kimya, kama mtu amefunga mlango wa chumba chenye redio. Nikatazama saiti mira ya kushoto nikaona ubavu wa tela. Tela haitakiwi kuonekana ubavu. Ilikuwa inakuja kunifuata pembeni, taratibu kabisa, bila ugomvi, na mimi na yeye tunakaribia kujikunja kama kisu cha mfukoni. Mkono ulikimbilia swichi ya breki ya injini, ukaizima. Mguu nashukuru haukugusa breki. Nikaminya usukani nikasubiri. Sekunde tatu, nne. Tela ikarudi nyuma yangu kama ng'ombe aliyekumbuka zizi. Nikasogea hadi njia ya kutokea iliyofuata, nikaegesha, nikakaa saa nzima mikono inatetemeka. Watu wakinisikia wanasema ule ni ufundi. Tela ingekuja nusu mita zaidi, huo ufundi ungesomwa kwenye tanzia.

Eneo lile lina historia ambayo nikiifikiria nacheka peke yangu kwenye usukani. Barabara namba 80 inatoka New Jersey hadi San Francisco, maili kama 2,900. Walipofika Wyoming, barabara ya zamani, namba 30, ilikuwa inazunguka kaskazini kupitia Rock River na Medicine Bow, na reli nayo inapita huko. Wahandisi wakaona wakikata moja kwa moja miguuni mwa mlima wa Elk Mountain wanaokoa karibu maili 20. Wenyeji wenye ng'ombe zao wakawaambia: pale upepo hauna simile, theluji itawafukia. Wakakata. Kipande kikafunguliwa Oktoba 1970, na theluji ikaanza kukifunga mwezi uleule. Kwa kuwa ni enzi za vita vya Vietnam, madereva wakakibandika jina la utani, Njia ya Theluji Chi Minh, kwa kuiga Njia ya Ho Chi Minh ya vita hivyo, na jina limeng'ang'ania hadi leo. Baadaye serikali ya jimbo ikajenga kilomita na kilomita za uzio wa mbao kuzuia theluji isipeperushiwe barabarani, ikaweka na mageti ya kufunga barabara kama ya reli, na vibao vya umeme vinavyobadilisha kikomo cha mwendo: unasoma maili 65 kwa saa, mbele 45, mbele 35. Yote hayo kwa ajili ya maili 20.

Na maili ndiyo inayotulisha. Hapa ndipo nina ugomvi na watu wanaofundisha usalama kwa kugawa vipeperushi. Dereva wa masafa marefu Marekani kwa kawaida halipwi kwa saa, analipwa kwa maili. Mimi nilianza kwa senti 60. Siku nzuri ya saa 11, ambazo ndizo sheria inaniruhusu kushika usukani kabla ya kupumzika saa 10, napata kama maili 600, dola 360. Siku ya kuegesha Laramie ni sifuri. Foleni ya kushusha mzigo, mara nyingi sifuri. Kugonga breki zilizoganda kwa nyundo, umelala chali chini ya tela, maji ya theluji yanaingia mgongoni, sifuri. Sheria ya ujira ya mwaka 1938 inayowapa wafanyakazi wengi malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki ilituacha nje sisi madereva, na bado tuko nje. Sasa mtu wa namna hiyo unamwambia "usalama kwanza". Usalama kwanza nani analipa?

Hali ni mbaya zaidi kwa wenzetu walioingia mkataba wa kukodishiwa lori na kampuni ileile wanayoifanyia kazi, kwa ahadi kwamba siku moja lori litakuwa lao. Nina rafiki, mtu wa Bukavu, tumekutana mara nyingi kwenye vituo vya malori vya Nebraska, tunapikiana. Kila Ijumaa anakatwa deni la lori, gurudumu lizunguke lisizunguke. Dhoruba ikimshika siku mbili, anamaliza wiki akiwa anadaiwa na mwajiri wake. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali kuu kuichunguza mikataba hiyo kilipendekeza Januari 2025 kwamba Bunge liipige marufuku. Mpaka nakamilisha andiko hili rafiki yangu bado anakatwa. Nikimwambia "kaka, egesha," ananitazama kama ninavyotazamwa na mtoto niliyemnyima chakula.

Hata hivyo namwambia. Maana kuna jambo ambalo wengi wetu tuliotoka nje hatuambiwi siku ya kuajiriwa. Kanuni za usafirishaji za Marekani zinamtaka dereva apunguze mwendo hali ikiharibika, na ikiwa hatari vya kutosha, asimame. Anayepima ni aliye kwenye usukani. Na tangu Januari 2016 kuna kanuni inayokataza kampuni, broka (dalali wa mizigo) au mwenye mzigo kumtishia dereva ili avunje kanuni hizo. Sheria peke yake haikushushii mzigo, najua. Lakini usiku ule wa Laramie, dispacha alipoanza kusema mambo ya kuninyima mizigo mizuri, nilimjibu kwa upole kabisa: "Bwana mkubwa, hilo ulilosema niandikie kwenye meseji."

Kimya. Nikasikia anavuta pumzi. "Basi kaka, pumzika. Tutaongea asubuhi."

Meseji haikuja. Haijawahi kuja, na nimeiomba mara tatu sasa kwa watu watatu tofauti.

Kuhusu minyororo ya matairi, ile tunayoyavisha ili yashike kwenye theluji, sina maneno mengi. Colorado lazima uibebe kwenye milima ya barabara namba 70 kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, na ukiziba barabara kwa sababu hukuifunga, faini inapita dola 1,000. Jifunze kuifunga mchana, kwenye uwanja mkavu, si gizani vidole vikiwa havina habari na wewe. Lakini ukishaifunga, itumie kutoka mahali pabaya ufike pa kuegesha. Kuendelea na safari kana kwamba umepata matairi mapya ni kujidanganya. Dizeli nayo hutoa nta kwenye baridi kali na kuziba chujio. Dawa yake inatiwa kabla haijaganda, ikishaganda unamwita fundi, na fundi wa usiku wa Wyoming bei yake ni ya mganga. Mimi nyuma ya kiti nina blanketi mbili, maji, jiko dogo la umeme, unga na dagaa wa Mwanza. Mtu mwenye ugali haogopi geti kufungwa.

Na msinieleze kwamba nyie mko Texas, kusini kwenye joto. Februari 11, 2021, mjini Fort Worth, manyunyu yaliganda kwenye njia za juu za barabara namba 35W alfajiri, magari 133 yakagongana, watu sita wakafa. Wengi walikuwa wanakwenda kazini kama siku zote. Wyoming angalau wanatarajia. Mji usiozoea barafu hauna chumvi ya kutosha ya kuiyeyushia wala woga wa kutosha.

Nilitoka Laramie saa nne asubuhi. Jua limewaka, upepo umetulia, magari ya kukwangua theluji yameshapita. Nilihesabu malori manne yaliyolala ubavu kabla ya Rawlins, moja tela lake limepasuka na maboksi yametapakaa hadi kwenye uzio. Ya wenzangu hayakuwamo, nilishasema. Nikaingia Salt Lake City jioni, nimechelewa kwa saa tisa hivi. Getini kwa mteja, yule aliyepiga simu mara tatu, mlinzi akatazama karatasi zangu, akasema hawapokei mzigo wowote mpaka asubuhi, niegeshe kule mwisho nisubiri kuitwa.

Kule mwisho nikakuta lori la kampuni yetu. Mmoja wa wale wawili, naye kabeba chakula cha mbwa. Alikuwa amefika tangu mchana. Akateremsha kioo, uso umevimba kwa usingizi.

"Vipi, wamekushusha?"

"Wapi! Una maji ya moto huko?"

Nikawasha jiko.