Kovu kavu siku ya kupimwa

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anashangaa kwamba askari wa zamani wa Marekani mwenye kovu refu mgongoni huweza kuambulia asilimia sifuri ya ulemavu, kiwango kinachotumika kukadiria fidia yake, ilhali mwenzake mwenye kovu dogo linalouma hupewa asilimia 10. Kanuni zenyewe ndizo zinazoamua hivyo: kovu moja au mawili yenye maumivu, au yanayochubuka mara kwa mara, huhesabiwa asilimia 10, matatu au manne asilimia 20, na matano au zaidi asilimia 30, urefu una uzito hasa kovu likiwa usoni, kichwani au shingoni. Ugumu, kwa maoni yangu, uko kwenye ushahidi. Shemeji yangu, naye askari wa zamani, ana kovu kiunoni ambalo mkanda wa suruali hulichubua kila msimu wa joto hadi fulana ikashika damu, lakini siku ya kupimwa, katikati ya Januari, lilikuwa kavu, na daktari akaandika kuwa limepona. Kwenye rufaa alipeleka maelezo ya mkewe, ambaye ndiye anayezifua fulana hizo, pamoja na picha zenye tarehe. Bodi ya Rufaa, inayosikiliza rufaa za askari hao wa zamani, haiwezi kuyapuuza maelezo ya namna hiyo bila kutoa sababu, na ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, sheria inaitaka iamue kwa faida ya mwombaji.