Pande Kwanza, Mzingo Baadaye

Mpwa wangu wa darasa la sita alinionyesha daftari lake, ambamo palikuwa na swali lililomtaka atafute mzingo wa pembetatu yenye pande za sentimita 3, 4 na 9. Alijumlisha, akapata 16, akawekewa vema. Kujumlisha kwake hakuna kosa. Kosa ni kwamba pembetatu hiyo haipo wala haiwezi kuwapo.

Nilichomoa chelewa tatu kwenye ufagio, tukazikata kwa vipimo hivyo. Aliilaza ile ndefu sakafuni, akaziweka zile fupi moja kila ncha, akaziinamisha zikutane. Zikalala chini kabisa huku zimeachana sentimita 2. "Mjomba, hazifikiani," akasema. Tukaipunguza ile ndefu hadi 7, zikagusana zikiwa zimelala. Tulipofika 6 ndipo pembetatu iliposimama, naye akatamka mwenyewe kwamba pande mbili zozote zikijumlishwa lazima zizidi wa tatu.

Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliithibitisha kanuni hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5, anasimulia kwamba wafuasi wa Epicurus, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, waliidhihaki wakisema hata punda anaijua, kwa kuwa huyaendea majani moja kwa moja bila kuzunguka. Kwangu dhihaka hiyo ni sababu tosha ya kuanza nayo, maana jambo ambalo punda hulijua kwa miguu yake, mtoto anastahili kulijua kwa mikono yake kabla ya kukaririshwa fomula.

Nasema pande zitangulie kwa sababu ndizo zenye uamuzi. Pande tatu zikishakubali kukutana, umbo linakuwa moja tu na pembe hazina hiari tena: iliyo kubwa kuliko zote hutazamana na upande mrefu, iliyo ndogo hutazamana na mfupi. Fundi anayetafuta skwea ya msingi huitegemea siri hii kila siku. Hapimi nyuzi za pembe, bali kuanzia konani hutia alama mita 3 kwenye kamba moja na mita 4 kwenye nyingine, kisha huzisogeza kamba mpaka tepu isome mita 5 kamili kati ya alama hizo mbili, na hapo kona ni nyuzi 90. Tepu ikisoma mita 5.1, kona imefunguka hadi kama nyuzi 92.4, na ukuta wa mita 12 unaoanzia hapo utaishia takribani nusu mita nje ya mahali pake.

Kwa hiyo sitaki swali lile la 3, 4 na 9 lifutwe vitabuni. Nataka litanguliwe na jingine, ambalo mtoto alijibu akiwa na chelewa mkononi: je, pande hizi zinaunda pembetatu?