Msamaha wa Trafiki Nao Uandikwe

Ukikaa steji yoyote ya bodaboda hapa Malindi, iwe Maweni, Barani au kule Muyeye, hutamaliza kikombe cha chai bila kusikia malalamiko kuhusu askari wa trafiki. Lakini sikiliza vizuri wanacholalamikia. Ni nadra kusikia kijana akisema kwamba sheria ya helmeti ni mbaya. Wanajua anayeendesha kichwa wazi amekosa. Kinachowachoma ni yule mwingine aliyepita dakika hiyo hiyo, kichwa wazi vilevile, akapungiwa mkono aende zake.

Msimamo wangu katika hili huenda usiwapendeze baadhi ya wenzangu. Mimi namtetea askari anayesamehe. Sitaki mji wenye askari anayekamata kila kosa analoliona. Ninachotaka ni msamaha huo uandikwe: chombo gani, kosa gani, saa ngapi, kwa sababu gani. Faini halali ina karatasi yake. Msamaha hauna, na dhuluma nyingi tunazoziona barabarani zimejificha humo.

Mfikirie mama wa Ganda, saa nne usiku, mtoto wake amepatwa na degedege. Gari hakuna. Anapakiwa kwenye bodaboda, mtoto katikati, nyanya nyuma kamshikilia. Sheria inataka pikipiki ibebe abiria mmoja tu, na kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zimeweka faini ya shilingi 1,000 kwa anayezidisha. Askari akiwasimamisha njiani akaanza kuulizia leseni na bima, atakuwa ametimiza sheria huku mtoto anateketea. Askari mwenye moyo atamulika tochi, ataiona hali, atasema, "Pita kijana, lakini polepole." Huyo simlaumu hata chembe, na sidhani kuna mzazi atakayemlaumu.

Asubuhi yake unaona mishikaki ya aina nyingine. Wanafunzi watatu wamebanana juu ya pikipiki moja, sare zinapepea, dereva anakimbiza ili awahi kurudi kuchukua wengine. Kosa ni lile lile, faini ni ile ile 1,000. Maandishi ya kanuni hayawezi kuwatenganisha hawa wawili. Anayeweza ni mtu aliyesimama pale na macho yake. Ndiyo maana siungi mkono wale wanaosema dawa ni kumvua askari hiari yote.

Na sheria yenyewe inakubaliana nami. Kanuni hizo hizo za 2016 zinasema anayepitisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa apewe onyo tu, asitozwe hata senti. Akipitisha kwa kilomita 6 hadi 10, ni shilingi 500. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, nacho kinampa askari ruhusa ya kumwandikia mtu taarifa ya kosa dogo na kumwacha aendelee na safari yake. Hakimlazimishi kumburura kituoni. Waliotunga sheria waliiacha nafasi ya busara makusudi.

Tatizo ni nani anafaidika na nafasi hiyo. Nenda ukanda wa Casuarina, kwenye mahoteli na majumba ya wageni. Utamwona mgeni juu ya skuta, kaptula na miwani ya jua, kichwani hana kitu, na hakuna anayemuuliza. Utaliona gari kubwa lenye vioo vyeusi, dereva kashika simu sikioni, kosa ambalo faini yake ni shilingi 2,000, likipishwa kwenye kizuizi kana kwamba limebeba mgonjwa. Nyuma yake anasimamishwa kijana wa tuktuk. Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, na barabarani kwetu methali hiyo imegeuka utaratibu wa kazi. Anayesamehewa hapa ni mtu mwenyewe, kosa lake wala halitazamwi: amevaa nini, anaendesha nini, ni mtoto wa nani, na akichukua simu atampigia nani.

Kwa huyo wa tuktuk nataka kukaa kidogo, kwa sababu yeye ndiye anayeumia zaidi na ndiye anayezungumziwa kidogo zaidi. Chombo si chake. Kila jioni ampelekee tajiri, yaani mwenye chombo, hesabu ya siku, anunue mafuta, kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Cheti cha ukaguzi kikiwa kimekwisha muda, faini ni shilingi 10,000. Mwenye wajibu wa kukipeleka chombo kikaguliwe ni tajiri, aliye nyumbani kwake. Mwenye kukamatwa ni aliyeshika usukani. Pesa hizo 10,000 hawezi kuzipata kwa siku moja hata mji mzima uamue kupanda tuktuk yake. Kwa hiyo anafanya kile anachoweza: "Afande, nihurumie." Na huruma hiyo ina bei.

Watu husema rushwa inatokana na tamaa ya askari. Tamaa ipo, sikatai. Lakini tazama pia hesabu yenyewe. Faini ikiwa 10,000 na msamaha hauandikwi popote, basi msamaha huo una thamani kubwa mkononi mwa anayeutoa. Hata noti ya mia tano inaonekana nafuu kwa pande zote mbili. Faini ikiwa 500, kama ile ya kutofunga mkanda, hakuna cha kupatana. Ndiyo kusema tulipopandisha faini bila kuuwekea msamaha rekodi, tulipandisha na bei ya kitu kidogo. Na kwa sababu bei hiyo inafuata ukubwa wa faini, haifuati ukubwa wa hatari, macho ya barabarani nayo hufuata karatasi. Mchana kutwa watu wanaulizwa vyeti na leseni. Usiku, kwenye kile kipande cheusi cha barabara ya Mombasa kinachopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, unakutana na gari lisilo na taa hata moja ya nyuma. Upande wa kaskazini, malori ya chumvi yanatoka Gongoni na Marereni kuelekea Mombasa, na wenye pikipiki wanayapisha kwa kuingia kwenye mchanga. Taa ya nyuma iliyokufa inaua. Leseni iliyosahaulika mezani haiui mtu, ingawa ina faini yake ya shilingi 1,000.

Kuna aina ya msamaha ambayo siikubali hata ikitolewa bure. Ijumaa mchana, watu wakitoka msikitini, pikipiki zinapita moja baada ya nyingine, wapandaji wamevaa kofia za vito badala ya helmeti, na askari wanageuza shingo. Mimi ni Mwislamu na swala hiyo naisali. Naelewa askari hataki kuonekana anawasumbua waumini. Lakini fuvu la kichwa halina Ijumaa, na msikiti hauna haja ya kuheshimiwa kwa namna hiyo. Helmeti inavaliwa hadi mlangoni, kofia inakaa mfukoni, basi. Askari anayenyamaza pale ameuogopa umati, hakumhurumia mtu. Angelazimika kuandika sababu, angeandika nini?

Na Ijumaa hiyo hiyo ina jambo jingine zito zaidi. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au muda huo ukiangukia nje ya saa za kazi za mahakama, siku inayofuata ya mahakama. Kijana akikamatwa Ijumaa jioni, maana yake ni Jumatatu. Siku mbili tatu za seli, chombo kimefungiwa, tajiri anatafuta dereva mwingine. Lakini Ibara hiyo hiyo, kifungu kidogo cha pili, inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kukosa helmeti ni faini. Hakuna sababu ya mtu kulala seli kwa ajili yake. Bondi ya polisi haina malipo, na dhamana ya pesa taslimu lazima itolewe risiti. Haya yafaa yabandikwe ukutani kwenye kila steji, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwa sababu kijana asiyeyajua hulipa ili asilale ndani, na anayeyajua hulipa pia ikiwa hana imani kwamba yatafuatwa.

Baadhi ya rafiki zangu wanasema suluhisho ni kamera. Kamera haijui wewe ni mtoto wa nani, na hilo ni jema, nalipenda. Kwa mwendo wa kasi kwenye barabara kuu, kamera ziwekwe hata kesho. Lakini kamera haitammulika yule mama wa Ganda ikaona mtoto anatetemeka. Makosa mengi madogo ya mjini, ya abiria wa ziada, ya kusimama pasipo kituo, ya kupita pembeni kuepuka shimo, yanahitaji mtu wa kuyapima.

Wapo pia wanaokumbuka enzi za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, Februari 2004, sheria zake zilipoanza kufanya kazi: mikanda kwenye matatu, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, abiria 14 na asizidi hata mmoja. Wenye magari waligoma, abiria wakatembea kwa miguu, kisha watu wakafuata. Naamini walifuata kwa sababu waliona jirani naye amefungishwa mkanda. Kilicholegea baadaye ni kule kuona kwamba jirani hafungishwi tena. Watu wa Pwani si wakaidi wa sheria kuliko wengine. Tunahesabu tu, na tukiona hesabu haitoki sawa tunaacha kuiheshimu.

Askari nao watendewe haki katika mazungumzo haya. Kusimama juani kuanzia asubuhi, vumbi la malori usoni, nyumba za kazi zisizotosha, uhamisho unaokuja ghafla. Kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kilikabidhi ripoti yake Novemba 2023 kikazungumzia mishahara na hali zao, na mimi naunga mkono walipwe vizuri. Ila mshahara mzuri peke yake hautamwambia askari ni nani wa kumsamehe. Na askari mwema, ambaye wapo, leo hana namna ya kuonyesha wema wake. Akimpisha mgonjwa bure, watu wa steji wanasema amekula. Karatasi ingemlinda yeye kwanza.

Ninachopendekeza ni kidogo. Askari awe na kitabu cha nakala mbili cha onyo. Akimsamehe mtu, aandike namba ya chombo, kosa, saa, mahali, na sababu kwa maneno machache: "mgonjwa", "kosa la kwanza", "taa imezimika njiani". Nakala moja apewe dereva, nyingine ibaki. Dereva aliyeonywa wiki iliyopita kwa kosa lile lile hataweza tena kusema hakujua, na aliyeandikiwa faini bila kuonywa ataweza kuuliza kwa nini.

Nimeambiwa askari wataona uvivu kuandika, basi wataacha kusamehe kabisa. Baadhi wataacha, ndiyo. Lakini msamaha utakaopungua ni ule usioandikika. Hakuna atakayeandika "gari la mheshimiwa" kwenye safu ya sababu. Nimeambiwa pia watadanganya, waandike "mgonjwa" kwa kila aliyetoa kitu. Uongo wa mara moja utapita. Lakini askari ambaye wagonjwa wake wote wanaugua asubuhi, wote wakiwa wenye matatu, na wote mahali pamoja, ataonekana na yeyote anayekisoma kitabu.

Msomaji huyo yupo tayari. Mahakama zetu zina kamati za watumiaji wa mahakama, ambamo hakimu, polisi, waendesha mashtaka, mawakili na watu wa jamii hukaa meza moja kuzungumzia yanayokwama. Jumla za maonyo na faini za kila miezi mitatu zipelekwe huko, bila majina ya watu: aina ya chombo, kosa, saa, mahali, sababu. Tutajua kama skuta za Casuarina zinaonywa au hazionekani kabisa. Tutajua ni taa ngapi za nyuma zilikaguliwa usiku ukilinganisha na leseni zilizoulizwa mchana. Na aliyedhulumiwa atakuwa na kitu cha kuishikisha IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kuwasimamia polisi, ambayo leo malalamiko mengi ya barabarani yanaifikia yakiwa neno la dereva dhidi ya neno la afande.

Wenyeviti wa steji za bodaboda na tuktuk, ombeni nafasi katika kikao kijacho cha kamati hiyo hapa mahakama ya Malindi. Msiende kuomba watu wenu waachiliwe. Ombeni kitabu cha onyo kijaribiwe kwa miezi mitatu kwenye vizuizi vya mji huu, na muombe kuyasoma matokeo yake kabla hata ya mkuu wa kituo kuyaeleza.