Egoli: miaka 18 ya lugha mbili katika nchi ya lugha kumi na moja

Tarehe 17 Machi 1992 Wazungu wa Afrika Kusini, peke yao, walipiga kura ya maoni kuamua kama Rais F. W. de Klerk aendelee na mazungumzo ya kuufuta ubaguzi wa rangi. Karibu asilimia 69 walisema ndiyo. Wiki tatu hazijatimia, tarehe 6 Aprili, kituo cha M-Net kikaanza kurusha Egoli: Place of Gold, tamthilia ya kwanza ya kila siku nchini humo, iliyobuniwa na Franz Marx. Ikadumu hadi tarehe 31 Machi 2010. Siku tano kwa wiki kwa miaka 18, piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya sehemu elfu nne. Katika muda huo Afrika Kusini ilipata katiba mpya, bendera mpya na, baada ya de Klerk, marais wanne. Wahusika wa Egoli waliendelea kupendana, kusalitiana na kupokonyana kampuni kwa Kiingereza na Kiafrikana. Lugha nyingine zilisikika hapa na pale, lakini mhimili wa maongezi ulibaki hizo mbili.

Hapo ndipo ubishi ulipo. Wapo wanaoikumbuka kama mahali ambapo Afrika Kusini ilianza kujizoeza kuishi pamoja. Wapo wanaosema ilikuwa sebule ya Wazungu tu, na wengine waliruhusiwa kuchungulia. Nadhani kila upande una haki yake, ila hauna haki sawa kwa miaka yote 18.

Ili kuupima upande wa kwanza, turudi kwenye televisheni iliyokuwepo kabla. Serikali ya Makaburu iliiogopa televisheni kwa miaka mingi, ikaiachia rasmi Januari 1976 tu, Uganda, Kenya na hata Zanzibar zikiwa tayari nayo. Chaneli pekee ya SABC, shirika la utangazaji la taifa, iligawanywa nusu kwa nusu kati ya Kiingereza na Kiafrikana, kwa zamu, kila lugha na saa zake. Mwaka 1982 zikaja chaneli za lugha za Waafrika, nazo zikatengwa kivyake. Filamu za nje ziliingizwa sauti za Kiafrikana, na baadaye sauti ya asili ikawa inarushwa redioni kwa wakati uleule, hivyo anayetaka Kiingereza aliifunga sauti ya televisheni akawasha redio. Lugha zilipangwa kama wakazi walivyopangwa mitaani. Hazikukutana.

Egoli ilizikutanisha. Mtu anauliza kwa Kiafrikana, anajibiwa kwa Kiingereza, na mazungumzo yanaendelea bila yeyote kusimama kumtafsiria mwenzake. Kwa anayeandika tamthilia hii ni mali. Mhusika akihama lugha katikati ya ugomvi, mtazamaji anajua kuna kitu kimevunjika kabla hata hajasikia maneno yenyewe. Kijana anayemjibu mama yake kwa Kiingereza amesema tayari kwamba anataka kuhama nyumbani. Sisi tuliokulia katika nyumba zenye lugha ya kikabila, Kiswahili na Kiingereza hatuhitaji kuelezwa hilo. Tunajua baba anapohama lugha, adhabu iko njiani.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 1974 serikali iliamuru nusu ya masomo katika shule za Waafrika yafundishwe kwa Kiafrikana, na tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto waliandamana kupinga, wakapigwa risasi. Tangu hapo, kwa dunia nzima, lugha ile ilinuka baruti. Mtanzania aliyekulia enzi ambazo wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro, aliijua kama lugha ya adui na si vinginevyo. Lugha ya polisi, ya ofisi ya pasi ambazo Waafrika walilazimishwa kubeba, ya hakimu. Tamthilia ya kila jioni, hata ikiwa nyepesi kiasi gani, ina uwezo ambao hotuba haina: inaichukua lugha hiyohiyo na kuitumia kwa umbea, kwa wivu, kwa kubembeleza, kwa maombi kitandani mwa mgonjwa. Haiifuti historia, lakini inamkumbusha mtu kwamba kuna waliozaliwa na lugha hii na hawana nyingine ya kulilia.

Na wengi wa hao si Wazungu. Hili mashabiki wa Egoli hupenda kulitaja, na wana hoja. Kiafrikana kilipikwa Rasi ya Tumaini Jema na watumwa, Wakhoikhoi na watu waliotolewa visiwa vya Asia, pamoja na walowezi wa Kiholanzi. Waislamu wa Cape Town walikiandika kwa herufi za Kiarabu katika karne ya 19, kama mababu wa pwani yetu walivyoandika tenzi zao. Leo wasemaji wake wengi ni wa jamii inayoitwa Coloured, yaani watu wa asili mchanganyiko. Egoli iliwapa sura maarufu kuliko zote: Nenna, aliyechezwa na Shaleen Surtie-Richards, mzaliwa wa Upington aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo kabla ya kuingia kwenye sanaa. Alipofariki Juni 2021, jina lililotajwa kwanza lilikuwa lile la Nenna.

Lakini Nenna alikuwa nani ndani ya hadithi? Mfanyakazi wa ndani. Mwenye busara, mwenye ulimi, mpendwa wa wote, lakini mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya wenye mali. Wapinzani wa Egoli huanzia hapa, na sioni jibu la kuwanyamazisha. Unaweza kusema mwaka 1992 hali halisi ya Johannesburg ilikuwa hiyo, na kwamba Surtie-Richards alimpa Nenna hadhi kuliko waajiri wake. Yote kweli. Ila tamthilia ilijipa jina ambalo Wazulu wameliita jiji hilo tangu enzi za machimbo, halafu ikaijenga Johannesburg ambamo Mzulu hana sauti ya kutosha kwa lugha yake mwenyewe. Jiji lililochimbwa na Wasotho, Wazulu, Waxhosa, Watswana na Wamsumbiji likaoneshwa kutoka ndani ya nyumba zenye bwawa la kuogelea.

Takwimu haziisaidii. Katika sensa ya 2011 Kizulu kilikuwa lugha ya kwanza ya asilimia 22.7 ya wananchi, na Kixhosa asilimia 16. Kiafrikana kilikuwa na 13.5 na Kiingereza 9.6, ukizijumlisha hizo mbili hufiki robo ya nchi. Ni kweli Kiingereza kinaeleweka na wengi ambao si lugha yao ya kwanza. Hata hivyo katiba ya 1996 ilizitambua lugha kumi na moja kuwa rasmi, na Egoli iliendelea na zilezile mbili ambazo SABC ilizianzia mwaka 1976. Zilikutana, sawa. Waliobaki nje ya mkutano walikuwa walewale.

Sababu haikuwa chuki. Ilikuwa pesa, na hapa ndipo wachambuzi wengi huteleza kwa kuijadili Egoli kama sera ya taifa. M-Net ilianzishwa Oktoba 1986 na wachapishaji wa magazeti wakiongozwa na Nasionale Pers, kampuni iliyokua bega kwa bega na chama tawala cha Makaburu. Ilikuwa televisheni ya kulipia. Ila iliruhusiwa kurusha saa chache za jioni bila kufungwa, mtu yeyote mwenye antena aone bila kisimbuzi. Saa hizo zilikuwa chambo: unanasa kwenye hadithi bure, unatazama matangazo ya biashara, na siku moja unashawishika kununua kisimbuzi uone na filamu za usiku. Egoli iliwekwa kwenye saa hizo. Mtazamaji aliyelengwa alikuwa mwenye uwezo wa kulipia kila mwezi, na katika Afrika Kusini ya 1992 huyo kwa kawaida alisema Kiingereza au Kiafrikana, au zote mbili. Lugha mbili zilifuata pochi mbili. Mwaka 2007 ruhusa ile ya saa za bure ikaisha. Egoli ikabaki ya wenye visimbuzi, na miaka mitatu baadaye ikafungwa.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tano, niko tayari kuitetea. Nchi ilikuwa ikinusa vita, na kuwaweka Waingereza na Makaburu, ambao nao wana vita vyao vya zamani, pamoja na familia ya Nenna katika hadithi moja, haikuwa kazi ndogo. Pia ilifundisha watu kazi. Kutoa sehemu moja kila siku kunahitaji kikosi cha waandishi wanaozunguka, studio isiyolala, waigizaji wanaokariri usiku na kurekodi asubuhi. Afrika Kusini haikuwa na utaratibu huo kabla ya Egoli, na tamthilia zilizofuata ziliukuta.

Miaka ya baadaye siitetei. Katikati ya miaka ya tisini SABC ilikuwa imeshatoa Generations, iliyobuniwa na Mfundi Vundla, kuhusu Waafrika wanaopigania ufalme wa matangazo ya biashara. Humo Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kiingereza vilichanganyika katika sentensi moja, na maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Ikawa tamthilia iliyotazamwa na mamilioni kila usiku. Mwaka 1998 ikaja Isidingo, hadithi ya mji wa mgodi wa dhahabu, yaani ile dhahabu ambayo Egoli iliibeba kwenye jina tu. Basi hoja kwamba mtazamaji hatafuata lugha nyingi kwa mpigo ilikuwa imekufa, na imekufa mbele ya macho ya M-Net. Kubaki na mbili hadi 2010 hakukuwa woga wa kibiashara tena. Kulikuwa mazoea.

Kilichokuja baada ya hapo ndicho kinachonifanya nisiishangilie sana kufungwa kwa Egoli. Mwaka 1999 M-Net ilikuwa imeanzisha kykNET, chaneli ya Kiafrikana. Mwaka 2010, miezi michache baada ya Egoli kuondoka, ikaja Mzansi Magic, chaneli ya tamthilia za Kizulu, Kisotho na wenzao. Kila kundi likapata chake, kwa ubora ambao Egoli haikuwahi kuufikia kwa lugha yoyote. Kwa haki ya lugha, ni maendeleo makubwa. Mtazamaji wa Kizulu hahitaji tena kuchungulia kwa jirani. Lakini ukiutazama mpangilio wenyewe, kila lugha na namba yake kwenye rimoti, unafanana mno na ule wa SABC wa zamani, tofauti ikiwa kwamba sasa anayepanga ni soko. SABC 2 ilijaribu njia ya kati kwa 7de Laan, tamthilia yenye uti wa Kiafrikana, waigizaji wa rangi zote na maandishi ya Kiingereza, kuanzia Aprili 2000. Nayo ilifungwa Desemba 2023.

Kwetu jambo hili si la mbali. MultiChoice, kampuni inayoimiliki M-Net, ndiyo iliyoleta chaneli za Maisha Magic, na kupitia hizo tamthilia kama Huba ya Tanzania na Selina ya Kenya. Tunacho Kiswahili, kwa hiyo hatulazimiki kuchagua kati ya lugha za wakubwa wawili, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila kila mara zogo huzuka kuhusu wahusika wanaochanganya Kiingereza au Sheng, na wapo wanaotaka script isafishwe. Mimi naona aliyeandika vijana wa Nairobi wakiongea Kiswahili cha kitabuni kuanzia asubuhi hadi usiku amewaongopea watazamaji. Swali ambalo ningependa wasafishaji walijibu ni jingine: Mjaluo, Mmakonde au Msomali anapotokea humo na lafudhi yake, ana hadithi yake mwenyewe, au ameletwa kufungua geti na kuchekesha?