Siku Thelathini Hazitoshi Kuijua Sarafu

Mkusanyaji akieleza kwamba sarafu aliyoinunua kwenye mnada wa mtandaoni imegundulika kuwa bandia, wa kwanza kumlaumu huwa wakusanyaji wenzake. Ataulizwa kwa nini hakusoma kwanza, kwa nini hakuitilia shaka bei, kwa nini hakumchunguza muuzaji. Wakusanyaji wana kanuni yao ya siku nyingi: nunua kitabu kabla ya kununua sarafu. Ni kanuni nzuri, na wengi imewaokoa. Lakini siku hizi imegeuzwa fimbo ya kumchapia aliyedhulumiwa, na ndiyo maana nataka kuipima upya.

Nianze kwa kuipa haki yake. Sehemu kubwa ya takataka zinazonadiwa mtandaoni hutambulika ndani ya dakika chache. Dola ya Morgan, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1878 hadi 1904 na tena mwaka 1921, ina uzani wa gramu 26.73, kipenyo cha milimita 38.1, na asilimia 90 yake ni fedha. Bandia nyingi za bei ya chini ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha; ukizisogezea sumaku zinanasa, jambo ambalo fedha halisi haifanyi. Nyingine hupungua gramu kadhaa kwenye mizani. Tena historia yenyewe inaonya: mwaka 1893 kiwanda cha San Francisco kilitengeneza dola 100,000 tu za aina hiyo, kwa hiyo anayeiona ikiuzwa kwa bei ya dola ya kawaida anapaswa kusita. Asiyesita, akavutwa na tamaa ya kuokota lulu jalalani, ana sehemu yake ya lawama. Sibishani na hilo.

Ninachobishania ni kwamba vipimo vyote hivyo vinataka sarafu iwe mkononi. Kwenye mnada wa mtandaoni mnunuzi ana picha mbili tatu alizozichagua muuzaji, na saa inayohesabu kurudi nyuma huku madau yakipanda. Picha haipimwi kwenye mizani. Ukingo wa sarafu, mahali ambapo mshono wa kalibu hujitokeza, ni nadra kupigwa picha. Taa ikielekezwa pembe fulani, mikwaruzo ya kusugua hutoweka na uso uliosafishwa kwa dawa unaonekana kung'aa kama uliotoka kiwandani jana. Elimu humwambia mnunuzi atazame nini. Haimpi cha kutazama.

Jibu la kawaida hapa ni makasha. Tangu miaka ya 1980, kampuni kama PCGS na NGC zimekuwa zikichunguza sarafu, kuzipangia daraja kwenye kipimo cha 1 hadi 70, na kuzifunga ndani ya kasha la plastiki lenye namba. Nunua zilizo kwenye kasha, tunaambiwa, utalala usingizi. Kwa sarafu ghali ni ushauri wa busara. Ila waghushi nao waliusikia. Leo makasha yenyewe yanaghushiwa, tena kwa kutumia namba za kweli zilizotolewa kwa sarafu halisi, hivyo mnunuzi akiikagua namba kwenye kumbukumbu za kampuni anaikuta ipo, na mwaka unalingana, na daraja linalingana.

Hata hivyo bandia kamili siyo inayonisumbua zaidi. Inayonisumbua ni sarafu ya kweli iliyopewa maelezo ya uongo, kwa sababu hiyo haina mtetezi. Chukua senti ya Lincoln ya mwaka 1909 yenye herufi V.D.B. za mchongaji Victor David Brenner. Zilizotengenezwa Philadelphia zilikuwa karibu milioni 28, wala si adimu. Zilizotengenezwa San Francisco zilikuwa 484,000 tu, na tofauti yao ni herufi S ndogo chini ya tarehe. Mtu huchukua ile ya Philadelphia, akaibandika S, akainadi. Uzani wake ni sahihi. Madini yake ni sahihi. Chapa yote ni ya serikali ya Marekani isipokuwa herufi moja, ambayo ukaguzi wake unataka lenzi na ujuzi wa umbo la S iliyotumika mwaka ule, pamoja na kidutu kilicho ndani ya tao lake la juu. Hapo sumaku na mizani vinasaidia nini?

Au tazama riale ya Maria Theresa. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu yake ikaendelea kutengenezwa ikiwa na tarehe hiyohiyo, 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hawakutaka nyingine. Imetengenezwa Vienna, imetengenezwa Roma, London, Paris, Bombay na Birmingham, na Vienna bado wanaitengeneza. Riale iliyotoka kiwandani karne ya 20 inaponadiwa kama "fedha ya mwaka 1780", muuzaji anaweza kuapa kwamba amesoma tu kilichoandikwa. Hakuna kilichoghushiwa, na bado mnunuzi amelipia zaidi ya miaka 100 ambayo hakupewa.

Marekani ina sheria ya mwaka 1973 inayotaka nakala za sarafu zipigwe alama ya kuonyesha kwamba ni nakala, na mwaka 2014 ilipanuliwa iwaguse pia wanaowasaidia wauzaji wa nakala zisizo na alama. eBay, jukwaa kubwa la minada ya mtandaoni, yenyewe ilipiga marufuku nakala mwaka 2012. Hatua hizo zinaihusu sarafu ya uongo. Maelezo ya uongo juu ya sarafu ya kweli mara nyingi huachwa kwa mnunuzi na muuzaji wamalizane wenyewe.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, nalo ni muda.

Dhamana ya eBay kwa kawaida humpa mnunuzi siku 30 baada ya mzigo kufika ili alalamike kwamba alichopokea si alichoelezwa. PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, hutoa siku 180 tangu malipo. Kwa viatu au simu, muda huo unatosha, kwa kuwa kiatu kibovu hujifichua chenyewe mguuni. Sarafu ya mkusanyaji haitumiki. Inapokelewa, inatazamwa kwa furaha, inaingizwa kwenye albamu, na hapo inakaa. Hakuna siku itakayoharibika na kumwambia mwenyewe kwamba alidanganywa. Hutolewa pale mwenye nayo anapotaka kuiuza, au anapofariki na warithi wakaipeleka kwa mtaalamu. Huenda ikawa miaka 10, huenda ikawa 30. Aliyeiuza hapatikani tena, akaunti yake imefungwa, tangazo lake na picha zake vimeshafutwa.

Sasa fikiria maana yake kwa takwimu zinazotolewa kututuliza. Tunaambiwa malalamiko ni machache ukilinganisha na mauzo. Bila shaka ni machache! Yanahesabiwa katika mwezi ambao mnunuzi bado hajui. Tunaambiwa mtazame muuzaji, ana nyota tele na sifa za asilimia 100. Sifa hizo alipewa lini? eBay huruhusu maoni ndani ya siku 60, na wengi huandika siku wanayofungua bahasha: imefika haraka, imefungwa vizuri, asante sana. Wanasifu ufungaji. Muuzaji wa herufi S za kubandika anaweza kukusanya sifa elfu moja za kweli kabisa, kila moja imetolewa na mtu mwaminifu asiyejua alichokishika. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika biashara hii ni ndefu kuliko maisha ya mnunuzi, na kila nyota anayopewa mwongo humvuta mteja mwingine.

Anayedhani kwamba mjuzi wa kweli angegundua mapema aangalie kilichowapata wajuzi wenyewe. Kwa miaka mingi wakusanyaji walizithamini sana dola za Morgan za 1896, 1900 na 1902 zenye herufi O ndogo kuliko kawaida, alama ya kiwanda cha New Orleans. Ziliorodheshwa, zilipangiwa daraja, zilifungwa kwenye makasha. Mwaka 2005 PCGS ikatangaza kwamba ni bandia za siku nyingi. Kilichozifichua ni kulinganishwa: sarafu zenye miaka tofauti zilibeba dosari zilezile upande wa nyuma, jambo lisiloelezeka ila kwa kutoka kwenye chapa moja ya mghushi, yaani chuma kinachogonga picha kwenye sarafu. Hao walikuwa wataalamu, sarafu iko mkononi, lenzi iko mezani, na bado ilichukua miaka. Bandia bora za leo hufanywa kwa namna inayofanana na hiyo, kwa chapa zilizonakiliwa kutoka sarafu halisi na mikwaruzo yake yote, hivyo moja ikiwa peke yake haina la kusema mpaka pacha wake ajitokeze. Kisha mnunuzi wa kawaida apewe siku 30, na akishindwa aitwe mzembe?

Wauzaji wana hoja, na zilizo nzito nizitaje kwa uzito wake. Wa kwanza kusikilizwa ni yule aliyerithi boksi la sarafu, hajui tofauti ya nikeli na fedha, na anaandika anachokiona. Ujinga wake si wizi, na sheria itakayomtisha huyo itawanyima wakusanyaji hazina nyingi za kweli zinazolala kwenye makabati. Hoja ya pili inauma zaidi: wapo wanunuzi wanaobadilisha. Anapokea sarafu nzuri, anarudisha ya kwake mbovu, anadai pesa. Mwenye kuuza hana namna ya kuthibitisha ila picha alizopiga, na majukwaa mara nyingi humwamini mnunuzi. Refusha muda wa malalamiko na umemrefushia huyo mlaghai. Bei ya fedha ikishuka, wengine nao watakumbuka ghafla kwamba hawakuridhika. Na kuhusu daraja, kampuni zenyewe hazikubaliani. Wapo watu wanaovunja kasha na kuirudisha sarafu ileile wakitumaini daraja la juu zaidi, na wakati mwingine wanalipata. Si haki kumwita muuzaji mwongo kwa kuandika 65 pale ambapo mwingine angeandika 63.

Majukwaa nayo husema hayaishiki sarafu hata dakika moja. Mahakama zimegawanyika. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya vito ya Tiffany dhidi ya eBay, iliona kwamba kujua kwa jumla kuwa bandia zinauzwa hakutoshi kulibebesha jukwaa hatia. Lazima lijue tangazo mahususi. Mwaka uliofuata, katika kesi ya kampuni ya vipodozi ya L'Oréal dhidi ya eBay, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema jukwaa linaloshiriki kikamilifu kukuza tangazo haliwezi kujificha nyuma ya kinga ya mpitishaji tu. Mimi naegemea upande wa Ulaya. Anayechukua asilimia ya kila dau lililoshinda, na ambaye mitambo yake ndiyo inayolipandisha tangazo mbele ya macho ya mnunuzi, si mpita njia.

Hofu ya kubadilishiwa sarafu ni ya kweli, lakini dawa yake si kumfungia mnunuzi mlango baada ya mwezi mmoja. Dawa ni kumbukumbu. Muuzaji alazimike kupiga picha kali za pande zote mbili na ukingo, aandike uzani, na jukwaa lihifadhi tangazo zima kwa miaka, si miezi. Mikwaruzo ya sarafu haifanani. Picha nzuri humlinda muuzaji mwaminifu dhidi ya mnunuzi mwizi kwa nguvu ileile inayomlinda mnunuzi. Mrithi asiyejua chochote hapotezi kitu hapo, kwa kuwa haombwi utaalamu, anaombwa mizani ya jikoni na ukweli kwamba hajui.

Sheria nazo tayari zinalielewa suala la muda kuliko kanuni za majukwaa. Uingereza humpa mdai miaka 6, na palipo na ulaghai uliofichwa, saa haianzi kuhesabu mpaka alipougundua au alipopaswa kuugundua kwa uangalifu wa kawaida. Kanuni hiyo ina nafasi kwa mjuzi aliyezembea na kwa mgeni aliyefichwa, na inawatofautisha. Kikwazo kilikuwa kumpata muuzaji. Tangu Juni 2023 Marekani inayataka majukwaa yathibitishe utambulisho wa wauzaji wenye mauzo 200 au zaidi ya bidhaa mpya yenye thamani ya dola 5,000 ndani ya mwaka. Sarafu nyingi za zamani huuzwa kama vitu vilivyotumika, kwa hiyo wigo huo unazipita pembeni. Ungepanuliwa uwaguse wanaonadi sarafu kila wiki.

Jambo moja lingeweza kufanyika hata bila sheria yoyote. Leo bandia ikigunduliwa ndani ya muda, mara nyingi mnunuzi huambiwa airudishe kwa muuzaji ili alipwe. Anaifunga vizuri, anaituma, na wiki ijayo inanadiwa tena kwa mtu asiyejua sumaku. Jukwaa lilipe, liichukue sarafu, na lisiirudishe sokoni.