Hadubini chini ya leso

Maabara niliyofanyia mazoezi ya kazi hapa Mombasa ilikuwa na hadubini moja ya mng'ao, ile inayovimulika vitu vilivyopakwa rangi maalumu hadi viwake vyenyewe. Ilikaa kwenye kona, imefunikwa leso. Leso yenyewe imeandikwa Subira Yavuta Heri. Wallahi sitii chumvi. Balbu yake ya zebaki ilikuwa imeungua, na balbu hizo ni ghali na maisha yake ni saa mia chache tu. Basi makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu tukayasoma kwa njia ya zamani, tukitafuta vijiti vyekundu juu ya buluu, slaidi baada ya slaidi, mpaka macho yatoe machozi. Kumbe pale konani, kwa kupaka rangi iitwayo auramini tu, vijiti hivyo vingewaka manjano gizani kama vimulimuli, na kazi ingekwisha upesi.

Naikumbuka leso ile kila nikisoma habari za Eric Betzig. Huyu Mmarekani alikuwa mtafiti wa Bell Labs, maabara mashuhuri ya huko kwao, jina limeshaanza kuvuma, akachoka, akaacha. Miaka kadhaa alifanya kazi katika kiwanda cha mashine cha babake huko Michigan. Biashara haikwenda. Akarudi kwenye sayansi bila kazi wala maabara, na mwaka 2005 yeye na rafiki yake Harald Hess wakaunda hadubini sebuleni kwa Hess, La Jolla, California. Sebuleni! Kwetu mtu akiweka hata pikipiki sebuleni, mama mwenye nyumba atamtoa nayo.

Walichokuwa wakikitafuta si kidogo: kuona vitu vidogo kuliko hadubini ya mwanga ilivyodhaniwa kuweza. Tangu 1873, mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alishaonyesha kwamba mwanga hauwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban nanomita 200, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Simama ufukweni Mama Ngina usiku utazame mashua za wavuvi wenye karabai: zikiwa mbali na zimebanana, unaona doa moja. Lakini zikiwashwa kwa zamu, hii izimwe ndipo ile iwake, kila doa utalitia nukta katikati yake, na ukimaliza una ramani ya mashua zote. Ndivyo walivyofanya kwa molekuli. Protini ya kung'aa, ya kuwashwa kwa amri ya mwanga, walikuwa nayo wanasayansi wenzao Jennifer Lippincott-Schwartz na George Patterson tangu 2002, nayo asili yake ni konyeza wa Pasifiki, aliyechunguzwa na Mjapani Osamu Shimomura mwaka 1962. Ndiyo, konyeza, jamaa ya hawa tunaowalaani wakituunguza Nyali. Matokeo yalichapishwa 2006. Mwaka 2014 Betzig akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Stefan Hell na William Moerner. Hess hakupewa, na mimi hilo bado lanikera.

Watu husimulia kisa hiki kama kisa cha akili nyingi. Mimi naona mikono. Hess na Betzig walijua kufungua, kukaza, kupanga lenzi. Sisi tulifundishwa kubonyeza. Miaka yote ya chuo sikumbuki kuambiwa hata mara moja nishike bisibisi. Mashine ikifa, inaandikwa barua, barua inapelekwa ofisini, na leso inatafutwa.

Siku moja niliandika vipimo vya ile balbu kwenye karatasi, nikaenda Majengo kwa fundi mmoja wa redio na simu. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri taa za LED zichukue nafasi ya zebaki, kwani zaishi maelfu ya saa na hazitaki chumba chenye giza totoro.

"Wataka mwanga wa rangi gani, mwanangu?"

"Buluu, ami."

Akavuta droo, akatoa vitaa viwili vitatu vya LED, akavijaribu kwa betri palepale mezani. Alitaka kuiona mashine kabla ya kutaja bei. Niliporudi kuomba ruhusa, niliambiwa ikifunguliwa, dhamana itapotea. Dhamana ilikwisha kabla sijaingia sekondari. Tarehe imebandikwa ubavuni.

Mwaka jana nilipita kuwasalimia. Hadubini iko palepale. Leso imebadilishwa, ile ya kwanza ilikuwa imechakaa.